Misumari Mitano Mlangoni

Shangazi yangu alikuwa haogopi kitu. Aliwahi kumkuta nyoka juu ya magunia akamtoa kwa ufagio, huku akimsema kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Mbwa wa mtaa mzima walimpisha njia. Ndiyo maana siku nilipomwona anamwogopa mdudu mwenye ukubwa wa punje ya mchele, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na kicheko hicho kingekuwa kitu cha kurudishwa, ningekirudisha.

Alikuwa mtunza ghala. Ghala lenyewe lilikuwa jengo la matofali lenye dirisha moja la wavu na mlango mpana wa mbao, na ukuta wake wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa chumba changu cha cherehani. Nikikanyaga cherehani, yeye anasikia. Yeye akiburuta gunia, sindano yangu inatikisika. Tuliishi hivyo miaka sita, tukigombana kwa mapenzi kupitia ukutani.

Ndani ya ghala kulikuwa na magunia mia na arobaini ya mahindi ya mbegu, kila kaya ya kikundi cha wakulima gunia moja. Zamani kila mtu alihifadhi mbegu yake jikoni, juu ya moshi. Shangazi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza. Leteni kwangu, aliwaambia, nitazilinda mpaka mvua ya kwanza, na kama nikizipoteza mje mnilime mimi. Watu walicheka, wakaleta. Kwa hiyo mbegu ikiharibika, hakuna kaya yenye akiba nyingine, na wote wanajua walimpa nani.

Jina lake la mtaani lilikuwa Mama Bambo. Bambo ni ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa kwenye gunia ili kutoa punje chache bila kulifungua. Lake halikumtoka mkononi. Akikuelekeza njia, anaelekeza kwa bambo. Akikukemea, bambo linakukemea pia. Kila Jumatatu asubuhi alichoma magunia ishirini, akajaza kopo moja la bati, akalichekecha juu ya karatasi nyeupe, kisha akavaa miwani na kuhesabu fukusi, wale wadudu wa mahindi, walioanguka.

Miaka mingine kazi hiyo ilikuwa ya kujifurahisha tu, maana mara baada ya mavuno fundi wa dawa alikuwa anakuja, anafunika magunia kwa turubai, anaweka dawa yake ya moshi, na fukusi wanakwisha. Dawa ile ni sumu kali, haishikwi na kila mtu. Mwaka huo fundi alikuwa amezidiwa na kazi, akasema atafika wiki ya tisa tangu ghala kufungwa. Mvua ilitarajiwa wiki ya kumi na mbili. Shangazi alimpigia simu mbele yangu, sauti ya fundi ikisikika wazi.

“Sasa mimi nifanyeje mpaka wiki ya tisa?” alimuuliza.

“Hesabu, mama. Wakiwa chini ya arobaini kwa kopo, nakuja nawaua, mbegu inabaki salama. Wakipita arobaini usinisumbue. Dawa yangu inaua mdudu, haifufui punje iliyoliwa kiini.”

Ndipo Shangazi akaenda kuchukua uzi wa marehemu mume wake.

Marehemu alikuwa mwashi. Uzi wake ulikuwa wa katani nyekundu, umezungushwa kwenye kipande cha ubao, na aliuamini kuliko macho yake mwenyewe. Nyumba yao, ghala lile, hata ukuta wa choo chetu, vyote vilisimama kwa uzi ule. Alipofariki, ndugu walichukua nyundo, pima maji na baiskeli. Shangazi aliomba uzi tu, na akapewa bila mzozo kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni kitu.

Alichofanya ni hiki. Kila Jumatatu alipigilia msumari mmoja nyuma ya ubao wa mlango, na kila msumari ulikuwa vidole vinne mbele ya ule wa wiki iliyopita. Urefu kutoka chini ulitegemea hesabu: kila fukusi mmoja, sentimita mbili. Kipimo kilikuwa changu, utepe wangu wa cherehani. Kwenye sentimita themanini, yaani fukusi arobaini, alichora mstari mweupe wa chaki kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine. Huo ndio ulikuwa mpaka wetu.

Jumatatu ya kwanza fukusi walikuwa watatu. Ya pili, sita. Ya tatu, kumi. Misumari ikakaa kwenye sentimita sita, kumi na mbili na ishirini. Shangazi akafunga uzi kwenye msumari wa kwanza, akaupitisha kwenye wa tatu, akauvuta mpaka mahali pa wiki ya tisa. Msumari wa kati ulikuwa chini ya uzi kwa unene wa kidole, si zaidi. Pale mwisho, uzi ulikuwa sentimita sitini na mbili. Chini ya mstari wa chaki, tena kwa nafasi ya kutosha.

Mwenyekiti wa kikundi aliitwa aje aone. Huyu alikuwa mtu wa koti moja na maneno mengi, lakini siku hiyo alisema machache.

“Mama Bambo, uzi umeshasema. Tuliza presha.”

“Nimetulia,” akajibu Shangazi. Hakuwa ametulia. Nilimwona anaushika uzi kwa kidole, anaubonyeza, anauachia, kama mtu anayepima mapigo ya moyo ya mgonjwa, na hapo ndipo nilipomcheka mpaka nikashika mbavu.

Jumatatu ya nne nilisikia ukutani kimya kirefu. Kwa kawaida baada ya kuchekecha alikuwa anaimba. Nikaacha kazi nikaenda. Nilimkuta ameinamia karatasi, miwani imeteremka puani, midomo inacheza.

“Kumi na tisa,” alisema. “Nimehesabu mara tatu. Kumi na tisa.”

Uzi ulikuwa umesema kumi na tatu, au tuseme kumi na nne kwa ukarimu. Nilipima: msumari mpya ulitakiwa kukaa sentimita thelathini na nane, na uzi ulikuwa unapita ishirini na saba. Nikamwambia huenda bambo limegusa gunia moja bovu. Akachoma magunia mengine ishirini, akachekecha upya. Ishirini.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinishika mkono, akaupenyeza katikati ya magunia mawili ya safu ya nyuma.

“Unasikiaje?”

“Joto.”

“Jua halifiki huku. Joto linatoka wapi?”

Lilikuwa joto la shingo ya mtoto mwenye homa. Nikautoa mkono haraka nikaufuta kwenye sketi.

“Mwanangu,” alisema, “nataka kulifungua ghala leo. Tutoe yote nje, tuanike, tuwaite wenyewe wachukue mbegu zao zikiwa bado ni mbegu.”

Hapa lazima niseme ukweli, maana ndilo jambo linalonifanya niandike. Kutoa magunia mia na arobaini si kazi ya mtu mmoja. Ningehitajika mimi, na kazi ingechukua wiki nzima, na mimi nilikuwa na sketi arobaini za shule za kukabidhi Ijumaa. Sikumwambia hivyo. Nilijitia mtaalamu. Nilifungua uzi, nikaufunga upya kutoka msumari wa kwanza hadi wa nne, nikauvuta.

“Tazama, Shangazi. Sawa, wanaongezeka kuliko tulivyodhani. Lakini hata kwa mwendo huu, wiki ya saba uzi uko sabini. Bado chini ya chaki. Mpigie fundi, mwambie aje wiki ya saba badala ya tisa, basi. Ukiwaita watu leo wakute mbegu nzima, watasema umechanganyikiwa. Watazirudisha jikoni na hawatakuletea tena.”

“Huoni kwamba uzi umekosea?”

“Umekosea kidogo, nimeurekebisha. Tungoje Jumatatu moja tu.”

Akautazama uzi, uzi wa mume wake, umenyooka vizuri kabisa kuanzia msumari hadi kidole changu. Akampigia fundi. Fundi akalalamika, akakubali wiki ya saba. Mimi nikarudi kwenye sketi zangu.

Wiki ile sitaisahau. Shangazi hakuimba hata mara moja. Kila nikisimamisha cherehani kuvuta pumzi, nilisikia hatua zake zinazunguka magunia, polepole, zinasimama, zinazunguka tena. Jumatano mchana aliingia kwangu bila kubisha, akaketi juu ya kitambaa nilichokwisha kukata, jambo ambalo angelifanya mwingine ningemfukuza.

“Njoo usikilize,” akasema.

“Nisikilize nini?”

“Njoo tu.”

Alinisimamisha mbele ya safu ya nyuma, akanionyesha niweke sikio kwenye gunia. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia, kama mtu aliye chumba cha pili anayekunja karatasi taratibu asitake kusikika. Haikukoma. Nilihamia gunia la pembeni, na pale pia alikuwapo mtu huyo na karatasi yake.

“Tunaowahesabu ni wale waliotoka,” Shangazi alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wangemsikia. “Jike anatoboa punje, anataga ndani, anaziba tundu. Ukiitazama punje unaona nzima. Hao wa ndani hatujawahesabu.”

“Shangazi, unanitisha.”

“Mimi mwenyewe naogopa.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. Ningeweza kuacha kila kitu siku ile. Ilikuwa Jumatano, jua linawaka, turubai zipo. Nilisema, “Bado siku tano tu,” nikarudi zangu, nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisisikie upande wa pili.

Jumatatu ya tano Mwenyekiti alikuwepo tangu mapema. Nadhani hata yeye hakuwa akipata usingizi mzuri. Shangazi alichoma, akajaza kopo, akachekecha. Safari hii sikuhitaji miwani kuona. Karatasi ilikuwa inatembea.

Thelathini na wanane.

Mwenyekiti alishusha pumzi. “Basi bado hatujafika. Mpaka ni arobaini.”

Shangazi alipigilia msumari wa tano kwenye sentimita sabini na sita, vidole viwili tu chini ya chaki. Uzi wangu niliourekebisha kwa madaha ulikuwa unapita huko chini, kwenye arobaini na tisa, umenyooka, hauna habari. Shangazi akauvua utepe shingoni mwangu. Nilidhani atapima tena urefu kutoka chini. Badala yake akaanza kupima nafasi kati ya msumari na msumari, kwenda juu.

“Kutoka wa kwanza hadi wa pili, sita,” alisema. “Wa pili hadi wa tatu, nane. Wa tatu hadi wa nne, kumi na nane. Wa nne hadi wa leo, wewe soma, macho yangu yameingia maji.”

Nikasoma. “Thelathini na nane.”

“Na kutoka chini kabisa hadi msumari wa wiki iliyopita?”

Nikashusha utepe. Nilijua jibu kabla haujagusa ubao. “Thelathini na nane.”

“Kwa hiyo wiki hii moja wameongezeka wengi sawa na wote waliokuwepo tangu tufunge mlango.” Aliweka kidole mlangoni, akakipandisha taratibu. “Wakifanya hivyo tena, Jumatatu ijayo msumari unakaa hapa.” Kidole kilisimama usawa wa pua yangu. “Na Jumatatu ya pili yake?”

Mwenyekiti alitazama juu. Mlango ulikuwa umekwisha. Sentimita mia tatu na kitu zilikuwa huko kwenye paa, mahali ambapo hakuna ubao wa kupigilia. Na fundi wa dawa alikuwa anakuja Jumatatu hiyo hiyo ya saba, tuliyoipanga sisi wenyewe.

“Lakini uzi,” alisema Mwenyekiti, “mbona uzi ulikuwa unaelekea vizuri?”

“Uzi ni wa kuta,” Shangazi alimjibu. “Marehemu alikuwa anaweka tofali juu ya tofali, leo kumi, kesho kumi, na uzi unakwambia lini utafika juu. Tofali halizai. Hawa kila mmoja anazaa, na mtoto wake anazaa. Wiki tatu za mwanzo walijifanya matofali nikawaamini.”

Hakusema ‘tukawaamini’.

Alifungua mlango wote, pande zote mbili, na yeye ndiye aliyebeba gunia la kwanza. Mwenyekiti alivua koti lake moja. Mimi nilifunga duka. Taarifa zikaenda nyumba kwa nyumba, na kufikia mchana uwanja wa mbele ulikuwa umejaa turubai na watu na vumbi la ungaunga, lile vumbi jepesi ambalo mkulima akiliona anajua ndani hamna kitu. Safu za mbele zilikuwa na nafuu. Tulipofikia safu za nyuma, magunia yalikuwa ya moto kiasi kwamba wabebaji walikuwa wanahamisha bega. Moja lilipasuka mlangoni, na kilichomwagika kilitawanyika chenyewe kila upande, kikapanda miguuni mwa watu. Mama mmoja mnene alirudi nyuma akaanguka juu ya turubai, na hakuna aliyecheka.

Tulipima kila gunia kwa beseni la maji. Unamwaga kopo la mahindi: punje nzima inazama, iliyoliwa inaelea. Kama nyingi zinaelea, gunia hilo si mbegu tena, ni pumba iliyovaa ngozi ya mahindi. Wenye magunia walisimama kwenye mstari kusubiri zamu, wameshika mikono mbele, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Nilikuwa nashika beseni zamu ilipofika ya bibi mmoja wa nyumba ya mwisho, mjane asiye na mtoto karibu. Nilimwaga kopo lake. Punje zikateremka kidogo, zikasita, zikarudi juu, karibu zote. Bibi alinitazama, akaingiza mkono ndani ya maji akazikandamiza chini. Alizishikilia hapo muda mrefu. Alipoutoa mkono, zilipanda tena. Akazikandamiza tena.

“Bibi,” nikamwambia.

“Ngoja, mwanangu. Labda zinahitaji kuloana.”

Kazi ilichukua siku tatu. Fundi wa dawa alikuja siku ya nne baada ya Shangazi kumlilia kwenye simu, akafukiza yaliyosalimika. Magunia themanini na manne yalibaki mbegu. Hamsini na sita yalipotea.

Jioni ya siku ile nilirudi mlangoni peke yangu kabla jua halijazama. Uzi ulikuwa bado umefungwa. Niliitazama nafasi kati ya msumari wa nne na wa tano, na nafasi kati ya wa nne na ardhi, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani ingawa niliikataa. Kama sehemu mbili zinalingana, basi nusu ya wadudu walitokea ndani ya wiki ile moja. Kadiri ninavyoweza kukadiria, magunia ishirini na nane yalipotea kwa ile Jumatatu moja niliyomwomba angoje. La bibi lilikuwa la safu ya tano, katikati, si la nyuma kabisa. Jumatatu ya nne huenda punje zake zilikuwa bado zinazama.

Kikao kilifanyika Jumapili, humo humo ghalani, watu wameketi juu ya mbao za kuinulia magunia. Shangazi alisimama mbele bila bambo. Sijawahi kumwona mdogo namna ile.

“Wiki moja kabla ya kufungua, niliona dalili,” aliwaambia. “Niliona idadi, nikashika joto. Nilitakiwa kufungua siku ile ile. Sikufungua. Kosa ni langu.”

Bibi wa nyumba ya mwisho hakusimama, aliuliza akiwa ameketi. Hakuuliza kwa hasira, ingekuwa afadhali.

“Kwa nini ulingoja?”

Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili, utepe shingoni. Nilimtazama Shangazi nikiwa na hakika kwamba sasa atageuza uso upande wangu, na nilikuwa nimeshaandaa maneno: kwamba mimi si mtunza ghala, kwamba nilitoa ushauri tu, kwamba uzi haukuwa wangu. Hakugeuka hata kidogo.

“Niliogopa mtanicheka,” alisema.

Wakamwachia ufunguo. Sijui kama ni huruma au ni kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kulala na hofu ile. Gunia lake mwenyewe lilikuwa limesalimika, lilikuwa la safu ya kwanza karibu na mlango, na baada ya kikao alilibeba begani hadi nyumba ya mwisho, akaliweka kwa bibi, akarudi. Msimu huo hakupanda. Uzi aliufungua mlangoni, akauzungusha kwenye kibao chake, akauhifadhi sandukuni. Misumari aliiacha. Hadi leo, akishahesabu, hapimi urefu kwanza. Anapima nafasi.

Mimi sikusema kitu siku ile ya kikao, wala siku iliyofuata, na Shangazi amekataa kabisa niseme mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemngojesha. Sketi zile arobaini nilizikabidhi Ijumaa kama nilivyoahidi, na hakuna hata moja iliyokosewa kipimo.